Kabla ya Kuihukumu Giaboksi: Kupima Hitilafu za Umeme Zinazokuja na Kutoweka

Hotuba kwa mafundi umeme wa magari, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, wakufunzi, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mnaojifunza kazi hii vyuoni na gereji,

Niliombwa nizungumzie gia otomatiki kwa ujumla. Kwa ruhusa yenu nitalipunguza jambo hili hadi sehemu inayotutoa jasho zaidi, yaani hitilafu za umeme katika mfumo wa kubadilisha gia ambazo leo zipo na kesho hazipo. Gari lililokufa moja kwa moja halina ubishi: linakuja limevutwa, linapimwa, linatengenezwa. Linalotuvunjia heshima ni lile linalogoma kupanda gia saa kumi na moja jioni kwenye foleni ya Ubungo, mwenye gari akapiga simu kwa hasira, kisha asubuhi yake likaingia gereji likibadilisha gia zote bila kasoro, na fundi akabaki kumwambia mteja kwamba haoni tatizo.

Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba hitilafu ya namna hiyo haiji kwa bahati nasibu. Inakuja kila mara hali fulani inapotimia, na hali zenyewe si nyingi: joto, mtikisiko, unyevu, mzigo wa umeme, au mkono wa gia kukaa mahali fulani. Kazi ya mpimaji ni kuijua hali hiyo, kuirudisha makusudi gari likiwa limefungwa vipimo, na kuikamata hitilafu ikiwa kazini. Anayenunua spea kabla ya hapo anacheza kamari kwa fedha za mwenye gari.

Tukumbushane kwa ufupi njia ya umeme wenyewe. Dereva anapoweka mkono wa gia kwenye D, kebo inazungusha mhimili mdogo ubavuni mwa giaboksi, na juu ya mhimili huo, katika magari mengi tunayoyashika, imefungwa swichi ya nafasi ya gia, ambayo ndiyo inayoijulisha kompyuta kwamba dereva ametaka P (kuegesha), R (kurudi nyuma), N (huru) au D (kwenda mbele). Kompyuta, au kontrolboksi kama tulivyozoea kuiita, inasoma pia kasi ya mhimili unaoingia na unaotoka kwenye giaboksi, joto la oili, na kiasi ambacho dereva amekanyaga mafuta, kisha inapeleka umeme kwenye solenoidi (valvu za umeme) zilizomo ndani, nazo hufungua na kufunga njia za oili ili gia ibadilike. Kompyuta ikitilia shaka mojawapo ya taarifa hizo, inaingia katika hali ya kujilinda: magari mengi hubaki kwenye gia moja, mara nyingi ya tatu, na taa ya injini huwaka, au kwa Toyota za zamani kidogo taa ya O/D OFF, yaani ya kuzima gia ya juu, hupepesa. Mwenye gari anasikia gari zito kuondoka, linagonga linapoingizwa gia, anasema giaboksi imekufa, nasi tunakubali upesi mno.

Nasema upesi mno nikijua sababu zake. Giaboksi iliyotumika inapatikana Gerezani au Shaurimoyo siku hiyo hiyo, na kuifunga ni kazi inayoonekana kwa macho. Kukaa saa tatu na waya mmoja hakuonekani, na mteja anayepita akakukuta umeinama na maltimita (kipima umeme) anaweza kudhani umeshindwa. Lakini giaboksi nyingine ikifungwa kwenye wayaringi (fungu la nyaya) ile ile mbovu, hitilafu itarudi jioni ile ile, na safari hii maelezo yatakuwa magumu zaidi.

Kipimo cha kwanza ni mahojiano, na hayahitaji umeme. Muulizeni dereva, si ndugu yake aliyeleta gari. Gari lilikuwa limewashwa kwa muda gani? Kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi? Kulikuwa na mvua, au gari limepita kwenye maji Jangwani au kwingineko msimu huu wa masika? Je, lilipogoma, herufi ya D kwenye dashibodi ilizimika au ilibaki? Swali hili la mwisho peke yake linaweza kuwaokolea nusu siku, kwa sababu herufi iliyozimika inaelekeza kwenye swichi ya nafasi ya gia na nyaya zake, ilhali herufi iliyobaki ikiwaka inawaelekeza zaidi kwenye solenoidi na sensa za kasi. Kisha ulizeni nani aligusa gari hivi karibuni. Hapa mjini gari lisilowahi kufungwa alamu, redio mpya au kifaa cha kulifuatilia kwa setilaiti ni nadra, na wafungaji wengi huchuna waya wa swichi ya kuwashia, wakasokota wao juu yake, wakafunga teipu na kuondoka. Ulizeni pia kama injini imeoshwa kwa mashine ya presha. Mwenye gari huwa hadhani kwamba usafi unaweza kuhusika, kwa hiyo hatasema mwenyewe.

Baada ya mahojiano ndipo tuunganishe mashine ya kusomea kompyuta ya gari, na hapa nina ombi moja zito: msifute misimbo, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta imezihifadhi. Najua mkono huwa unakimbilia kitufe cha kufuta ili taa izimike, lakini ukifuta unapoteza pia ile kumbukumbu ambayo kompyuta iliiandika hitilafu ilipotokea, yenye kasi ya gari, mizunguko ya injini na joto la maji wakati huo. Kumbukumbu hiyo ni ushahidi kuhusu hali tunayoitafuta. Kuchomoa betri nako hufuta misimbo katika magari mengi. Piga picha kwa simu, andika kwenye karatasi, kisha endelea. Kwa baadhi ya Toyota zilizotengenezwa kwa soko la Japani ambazo mashine za kawaida hazizisomi vizuri, soketi ya upimaji bado inakubali njia ya zamani ya kuunganisha pini ya 13, yaani TC, na pini ya 4, yaani CG, kisha ukahesabu taa inavyopepesa. Iendeeni taratibu na mhakikishe pini kabla ya kuweka waya.

Msimbo nao usomwe kwa akili. P0753 unahusu umeme wa solenoidi ya kwanza ya kubadilisha gia, lakini hausemi kwamba solenoidi imekufa. Unasema kwamba katika njia nzima, kuanzia pini ya kompyuta, kupitia soketi zote, hadi kwenye koili (waya uliozungushwa ndani ya solenoidi) na kurudi ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari), kuna mahali umeme haukwenda kama ulivyotarajiwa. Katika Toyota nyingi za baadaye kidogo, P0973 unaelekea upande wa shoti na P0974 upande wa njia iliyokatika, na tofauti hiyo peke yake inabadilisha mahali pa kuanza kutafuta. P0705 ni wa swichi ya nafasi ya gia, P0715 na P0720 ni wa sensa za kasi. Misimbo mingi isiyohusiana ikijitokeza kwa pamoja, kwa mfano sensa ya kasi, mfumo wa breki na mawasiliano ya kompyuta, acheni kuifuata mmoja mmoja na mrudi kwenye betri.

Betri iliyopumzika na kujaa ina volti 12.6 hivi; injini ikinguruma, chaji iwe kati ya 13.5 na 14.7 katika magari mengi. Wekeni maltimita kwenye volti za umeme geu (AC), injini ikiwa inawaka na taa zimewashwa: ikionyesha zaidi ya nusu volti, altaneta ina dayodi yenye kasoro, na kelele hiyo inaweza kuzichanganya sensa. Kisha ethi. Solenoidi nyingi za kuwasha na kuzima katika Toyota hurudisha umeme kupitia bodi ya giaboksi yenyewe, kwa hiyo mkanda wa ethi unaounganisha giaboksi na bodi ya gari ni sehemu ya mfumo wa gia. Pimeni kati ya ncha hasi ya betri na bodi ya giaboksi, injini ikiwaka, taa kubwa na feni vikifanya kazi: isizidi sehemu moja ya kumi ya volti. Chumvi ya hewa ya pwani inaila ethi polepole chini ya boliti inayoonekana safi kwa juu, na magari yanayolala Kigamboni au Mbezi Beach yanaonyesha jambo hili mapema kuliko mengine.

Sasa nieleze mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu ndani yake yamo karibu yote ninayotaka kuyasema kuhusu waya. Ni gari dogo la Kijapani la gia 4. Asubuhi halina neno. Jioni, baada ya zaidi ya saa moja ya foleni, linaanza kuchelewa kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili, halafu linaganda kwenye ya tatu na taa inawaka. Gereji lilikotoka lilikuwa limeshapangiwa giaboksi nyingine. Msimbo ulihusu umeme wa solenoidi moja. Solenoidi ilipopimwa gari likiwa la baridi ilitoa omu 13 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita), na kiwango cha solenoidi za aina hiyo katika Toyota ni omu 11 hadi 15 kwenye joto la nyuzi 20, kwa hiyo ilikuwa nzima. Waya wa kutoka kompyuta hadi soketi ya giaboksi ulipopimwa kwa omu nao ulionekana mzima.

Hapo ndipo wengi huishia, na hapo ndipo pa kuanzia. Maltimita inapopima omu hupitisha umeme mdogo sana, na inapopima volti karibu haipitishi kitu, kwa hiyo waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utaonekana sawa na waya mzima. Waya hupimwa ukiwa umebebeshwa mzigo. Ule waya ulichomolewa pande zote mbili, kwenye kompyuta na kwenye giaboksi, ukapewa umeme wa betri kupitia fyuzi upande mmoja na balbu ya breki ya wati 21 upande wa pili, balbu ambayo kwa volti 12 inakula takriban ampea 1.75. Nasisitiza pande zote mbili: balbu hiyo ikiunganishwa kwenye waya ambao bado umeshikwa na kompyuta, inaweza kuichoma transista inayoendesha solenoidi. Balbu iliwaka, lakini kwa rangi ya chungwa, na wayaringi ilipotikiswa karibu na betri ilizimika na kuwaka tena.

Chini ya betri, teipu ilipofunuliwa, mambo yalijieleza yenyewe. Gari lilikuwa limefungwa betri kubwa kuliko ya asili, nayo ilikuwa inakandamiza wayaringi kwenye kona ya bati. Pale pale fundi fulani wa zamani alikuwa amechoma ganda la waya kwa ncha ya testa (kalamu ya kupimia umeme) ili apime, akaacha tundu dogo lisiloonekana. Unyevu uliingia, shaba ikageuka unga wa kijani kwa urefu wa kidole, na nyuzi zilizosalia zilihesabika kwa ukucha.

Kwa nini jioni tu? Tupige hesabu. Kwa volti 13.5 na omu 13, solenoidi inapata ampea 1.04. Tuseme waya uliooza, ukibebeshwa mzigo, unaongeza omu 4: umeme unashuka hadi karibu ampea 0.79, na bado valvu inafunguka. Lakini ukinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo koili ile ile ya omu 13 katika nyuzi 20 inafikia kama omu 17 oili inapofika nyuzi 100. Ongeza zile 4, unapata 21, na umeme unabaki ampea 0.64. Valvu inachelewa, gia inachelewa; kisha joto la injini linatanua plastiki na shaba, nyuzi zilizobaki zinaachana kwa nukta moja, na kompyuta inaandika njia iliyokatika. Giaboksi ilikuwa nzima tangu mwanzo. Kwa kuwa tumefika kwenye tundu la testa, niseme wazi kwamba kuchoma maganda ya nyaya katika mji wenye unyevu huu ni kutengeneza hitilafu ya mwakani. Pimeni kwa kupenyeza kipimo nyuma ya soketi, kwa pini nyembamba, bila kuitanua.

Soketi zenyewe zinastahili subira ile ile. Pini ya kike iliyolegea inagusa gari likiwa limesimama na kuachia kwenye mashimo. Chukueni pini ya kiume ya saizi hiyo hiyo, iingizeni moja moja kwa mkono mkisikiliza inavyoshika: inayoteleza bila kushika ndiyo mgonjwa. Kutia dawa ya kusafishia kwenye soketi na kuchomeka tena huleta nafuu ya siku chache, na nafuu hiyo huficha ushahidi, kwa hiyo kagueni kabla ya kupuliza chochote.

Swichi ya nafasi ya gia ndiyo mtuhumiwa ninayemwamini kidogo kuliko wote. Iko nje ya giaboksi, katika magari mengi ya kuvuta mbele iko chini ya betri au boksi la hewa, maji ya kuoshea injini yanaiangukia moja kwa moja, na vikontakti vyake vinasuguana kila gari linapotoka P. Dalili zake ni gari kukataa kupiga stata kwenye P lakini kukubali kwenye N, taa za nyuma za rivasi kukosekana mara nyingine, na herufi ya D kupotea mwendoni. Ili kuikamata, kabari ziwekwe magurudumuni, breki ya mkono ivutwe na mtu akanyage breki ya mguu. Kisha mkono wa gia usogezwe taratibu mno, na katika kila nafasi usukumwe kidogo mbele na nyuma bila kuutoa, huku macho yakiwa kwenye mashine. Kompyuta ikisoma nafasi mbili kwa pamoja, au isisome hata moja, mmeshaipata. Kabla ya kununua nyingine rekebisheni kwanza kebo na alama ya N kwenye swichi yenyewe, kwa sababu swichi nzima iliyofungwa pembeni kidogo hutoa dalili hizo hizo.

Mkono wa gia unaogoma kutoka P ni jambo jepesi zaidi kuliko linavyotisha. Tazameni taa za breki. Kama haziwaki, fyuzi au swichi ya pedali ndiyo yenye tatizo, na kufuli ya mkono wa gia haipati taarifa kwamba breki imekanyagwa. Kama zinawaka, fungueni konsoli ya kati, yaani boksi linalozunguka mkono wa gia. Soda na juisi zilizomwagika humo hukauka na kuacha sukari inayonata kwenye vikontakti. Kwa magari ambayo mkono wa gia hauna kebo kabisa, kama Toyota Prius tangu toleo la mwaka 2003, sensa za mkono wa gia huwa zaidi ya moja na kompyuta huzilinganisha, kwa hiyo hapo tegemeeni mashine na msibahatishe kwa testa.

Ili kuirudisha hali gerejini hamhitaji vifaa vya gharama. Mashine ya kukaushia nywele ya saluni inatosha kupasha soketi au sensa. Chupa ya kunyunyizia maji safi inatosha kuleta mvua juu ya wayaringi, mradi kompyuta iepushwe. Mkono unatosha kutikisa. Wekeni maltimita kwenye kuhifadhi kiwango cha chini na cha juu, ili ikumbuke kilichotokea mlipokuwa mnatazama pengine, na mwenye osiloskopu (kifaa kinachochora mwendo wa umeme kwenye kioo) aitumie, kwa maana mkatiko mfupi huipita maltimita bila kuonekana. Vikishindikana vyote, nendeni barabarani watu wawili, mmoja akiendesha na mwingine akirekodi data, saa ile ile na njia ile ile aliyoitaja mwenye gari. Kama aliitaja Kimara jioni, kupima Oysterbay asubuhi hakusaidii.

Kompyuta iwe ya mwisho kushukiwa, lakini isisahaulike. RAV4 za 2001 hadi 2003 zinajulikana kwa kompyuta yake kuleta mabadiliko ya gia ya kugonga na misimbo ya solenoidi, na wengi wamebadilisha giaboksi bure. Kwa Mercedes-Benz zenye giaboksi ya 722.6, mipira ya plagi kubwa inapochoka, oili hupanda ndani ya nyaya hadi kwenye kompyuta, kwa hiyo chomoeni soketi ya kompyuta mtazame kama ina oili kabla ya kununua chochote. Kwa mawasiliano kati ya kompyuta na kompyuta, toeni betri, pimeni pini ya 6 na ya 14 za soketi ya upimaji: omu 60 ni sahihi katika magari mengi yanayotumia CAN (mtandao wa kompyuta za gari), na 120 ina maana kwamba upande mmoja umekatika.

Kuhusu matengenezo nitasema machache. Kipande kilichooza kikatwe hadi kwenye shaba inayong'aa, waya wa unene ule ule uungwe kwa lehemu au kibano kizuri, uvikwe mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani, na wayaringi ifungwe mbali na kona iliyoila. Teipu peke yake si kinga hapa pwani. Baada ya hapo ndipo misimbo ifutwe, na gari lipimwe tena katika hali ile ile iliyozaa hitilafu.

Muda wa kupima uandikwe kwenye risiti kama kazi inayojitegemea, bei yake itajwe kabla ya kuanza, na mwenye gari akabidhiwe kile kipande cha waya pamoja na vipimo vya kabla na baada. Sasa niko tayari kwa maswali, na nawaona wenzetu wa magari ya CVT (gia otomatiki zisizo na ngazi) wameshanyoosha mikono tangu nilipotaja solenoidi.